Wapiga Ngoma Waliosubiri Nje

Kwaya nyingi za Bonde la Kilombero zinarekodi siku hizi. Mpunga ukishavunwa michango inapatikana, wanakwaya wanashona sare, wanakodi gari kwenda studio mjini, na baada ya miezi michache nyimbo zao zinasikika kwenye simu za waamini kuanzia Ifakara mpaka Mlimba. Tunazifurahia. Lakini sisi mafrateri tunaotumwa parokia za huku wakati wa likizo kwa kazi za kichungaji tumeona jambo likijirudia: kwaya inayoimba kwa ngoma kila Dominika inarudi na wimbo usio na ngoma. Mahali pake pana biti ya kinanda. Wapiga ngoma wa kigango kimoja walisafiri na wenzao mpaka studio, wakaambiwa wakae nje kwa kuwa ngoma inaharibu sauti. Walikaa chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka jioni, na wimbo ukatoka bila wao.

Fundi wa studio ile hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na maiki moja ya kondensa, nzuri sana kwa mwimbaji mmoja katika chumba kilichozibwa kwa magodoro. Ngoma mbili zikipigwa mbele ya maiki ile, sauti inapasuka na kuwafunika waimbaji. Akachagua njia rahisi. Kwa hiyo ngoma kubaki au kuondoka kwenye wimbo ni, kwa sehemu kubwa, suala la maiki. Ndiyo maana kikundi chetu kidogo kilipopata fedha za vifaa vya kurekodia kwaya za vigango, tulikubaliana ziende kwenye maiki za dainamiki kabla ya kitu kingine chochote. Wengine walitaka kompyuta mpya. Tulibishana siku mbili.

Maiki ya dainamiki ni kitu chepesi kueleweka. Ndani yake kuna utando mwembamba ulioshikamana na koili ya waya, na koili hiyo inakaa katikati ya sumaku. Sauti ikiutikisa utando, koili inacheza ndani ya sumaku na umeme kidogo unazaliwa. Ni kama spika inayofanya kazi kinyumenyume. Haihitaji umeme kutoka popote, wakati kondensa inadai volti 48 kutoka kwenye miksa. Kigangoni, ambako mara nyingi tunarekodi kwa kinasa sauti cha betri, tofauti hiyo inaonekana mapema: ukiwasha volti 48, betri zinakwisha haraka. Halafu kuna unyevu. Kondensa ikiingiwa na unyevu huanza kutoa mikwaruzo, na bonde hili lina maji chini na mawingu juu. Wakati wa masika hata kurasa za kitabu cha nyimbo zinalegea. Dainamiki haijali sana.

Tena kondensa inasikia mno. Studio hiyo ni sifa, lakini kanisani kwetu inaleta popo wa darini, pikipiki za barabarani, jenereta nyuma ya sakristia na treni ya TAZARA ikipita. Dainamiki ni kama mtu mzima mwenye usikivu wa wastani: anamsikia vizuri aliye karibu naye, walio mbali anawaacha.

Tulinunua Shure SM57 mbili. Ilitoka mwaka 1965, na ndugu yake SM58, ambayo kila mtu ameiona mikononi mwa waimbaji, ilifuata mwaka 1966. Ndani zinafanana kwa kiasi kikubwa. Tofauti kubwa ni kwamba 58 ina kichwa cha mviringo cha wavu kinachozuia pumzi ya mwimbaji, na 57 haina, hivyo inaweza kusogea karibu zaidi na ngozi ya ngoma. Marais wa Marekani wamehutubia mbele ya SM57 tangu enzi za Johnson, na wapiga ngoma wa dunia nzima wanaigonga kwa bahati mbaya kila siku, nayo inaendelea kufanya kazi. Huko Marekani bei yake ni takriban dola 100. Parokia ambayo tayari ina SM58 halisi haina haja ya kununua 57; itumie ile ile, tofauti si kubwa kiasi cha kuchangisha watu.

Tumesema halisi kwa sababu za bandia zimejaa madukani. Nembo ni ile ile, boksi ni lile lile, hata karatasi za maelezo zimo. Kipimo chepesi ni mizani: SM58 halisi ina gramu 298, na nyingi za bandia ni nyepesi zaidi. Muuzaji mmoja alitushangaa tulipoomba mizani ya kupimia sukari kutoka duka la jirani. Tulipima maiki nne, tukaondoka bila kununua hata moja.

Zipo pia maiki za dainamiki zilizotengenezwa mahsusi kwa ngoma kubwa ya bendi, ile inayopigwa kwa mguu. AKG D112 yenye umbo la yai ndiyo inayojulikana zaidi. Tuliazima moja tukaijaribu, na maoni yetu yanaweza yasiwapendeze wote: kwa ngoma zetu haifai sana. Imeundwa ili ikuze besi ya chini na mgongano wa nyundo juu ya ngozi, na ngoma ya mti iliyowambwa ngozi ya ng'ombe ikipita humo inatoka imevaa koti la bendi ya mjini. Sauti ya kiganja inapotea. Kwa sangula, ngoma ya bonde hili ambayo kwaya nyingi huku zimeiingiza katika nyimbo za shukrani na matoleo, kiganja ndicho kila kitu.

Kuhusu kuweka maiki tungeweza kuandika gazeti zima. Ngoma ndogo tunaiwekea maiki kwenye ukingo, vidole vinne au vitano juu ya ngozi, ikielekea katikati kwa mshazari, upande ambao mkono wa mpigaji haupiti. Ukiisogeza karibu zaidi, besi inaongezeka. Ndivyo maiki zinazosikia upande mmoja zilivyo, na ngoma iliyolegea inaweza kunenepeshwa kidogo kwa njia hiyo. Hata hivyo dawa ya ngoma iliyolegea inabaki jua au moto. Anika kwanza, rekodi baadaye. Mgongo wa maiki uelekee kwaya, maana huko nyuma SM57 ni kama kiziwi. Jambo hili peke yake huwatenganisha waimbaji na ngoma kuliko mapazia na magodoro yote tuliyowahi kuning'iniza.

Ngoma kubwa yenye uwazi chini ina midomo miwili: ngozi inasema neno la kwanza, uwazi wa chini unalimalizia. Tunaweka maiki moja juu na nyingine chini, juu ya kanga iliyokunjwa ili isitikiswe na sakafu. Hapo watu wengi hukata tamaa, kwa sababu maiki zote mbili zikifunguliwa pamoja besi inatoweka. Ngozi inapopigwa inaikimbia maiki ya juu, na hewa inasukumwa kuelekea maiki ya chini. Moja inavuta wakati nyingine inasukuma, na zikichanganywa zinafutana. Tafuta kwenye miksa kitufe chenye alama ya duara iliyokatwa na mstari, ukibonyeze kwa maiki moja tu. Besi inarudi papo hapo. Miksa isiyo na kitufe hicho inasaidiwa na waya ambao fundi amebadilishana pini namba 2 na namba 3 upande mmoja. Wetu tumeufunga utepe mwekundu usichanganywe na zingine.

Ngoma zikiwa mbili au tatu, umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na ngoma yake. Mvua ikianza kwenye bati, zima, kunyweni chai.

Kazi hii ina historia kuliko umri wetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi ngoma na ala za makabila, mara nyingi kwa maiki moja aliyoishika mkononi mwenyewe, akiisogeza kwa mwimbaji na kuirudisha kwa mpigaji wakati wimbo ukiendelea. Mwaka 1958 Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alirekodi Missa Luba pamoja na kwaya yake ya Kamina katika Katanga, na santuri ile ikafikisha ngoma za Misa kwenye nyumba za Ulaya. Hapa kwetu Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Mtaguso ulitoa Sacrosanctum Concilium, ambayo katika namba 119 inataka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi inayostahili katika ibada, na namba 120 inaruhusu ala nyingine nje ya kinanda ilimradi zifae kwa matumizi matakatifu. Tunaisoma hati hiyo darasani. Kumwambia mpiga ngoma asubiri chini ya mwembe ni vigumu kukupatanisha nayo.

Jimbo la Ifakara lilizaliwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, na baadhi ya wapiga ngoma wa vigango vyake ni wazee waliokuwa wakipiga muda mrefu kabla ya hapo. Vijana wanaowafuata ni wachache. Wengi wanapenda kinanda. Mmoja wa wazee hao, ambaye kwa heshima yake hatumtaji, alivaa hedifoni kwa mara ya kwanza tulipomrekodi. Alisikiliza dakika nzima bila kusema, akazivua.

"Wanangu, mkono wa kushoto hausikiki."

Tulimwonyesha taa za miksa kwamba sauti ipo ya kutosha. Akasema sauti ipo, mkono wa kushoto haupo. Wa kulia unaita, wa kushoto ndio unaojibu, na sisi tulikuwa tumerekodi maswali bila majibu. Tukaizungusha maiki ya ngoma ndogo kutoka upande wa kulia wa ukingo kwenda wa kushoto, kama upana wa sahani. Majibu yakaja. Tangu hapo hatuanzi kurekodi kabla mpigaji mwenyewe hajavaa hedifoni.

Kwa kayamba bado hatujaridhika. Mchakacho wa mbegu uko juu sana, ambako SM57 huanza kuchoka, na kayamba inatoka kama mchanga uliolowa. Kuisogeza maiki karibu hakusaidii. Kunaleta mgongano wa vidole tu. Mwenzetu anashauri kondensa moja ndogo kwa ajili ya kayamba peke yake, ihifadhiwe kwenye kopo lenye mchele uliokaangwa ukakauka ili kuikinga na unyevu. Ya kuazima ipo, na kwaya ya kigango kimoja ng'ambo ya mto imekubali tukaijaribu kwao baada ya mavuno, asubuhi, kabla jenereta ya mashine ya kukoboa haijawashwa.