Vinanda Vyangu Vitano vya Santuri

Wako watu ambao Mungu amewajalia kupenda ng'ombe, wako wapendao mpira, na wako wale ambao mshahara wao wote huishia katika suti na viatu. Mimi tangu utoto wangu nimependa santuri. Wenzangu ofisini hunicheka, kwa kuwa siku hizi wimbo wowote waweza kusikizwa katika simu ya mkononi, pasipo sahani wala sindano. Siwalaumu. Lakini nikitazama nyuma naona kuwa maisha yangu siyahesabu kwa miaka, bali kwa vinanda vya santuri nilivyopata kuwa navyo. Ni vitano. Vinne kati ya hivyo naweza kuvisimulia kwa furaha. Kimoja, nacho ndicho cha kwanza, nakisimulia kwa haya.

Kinanda hicho cha kwanza kilikuwa cha babu yangu. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli katika stesheni ya Voi, na mwaka 1952 alikinunua mjini Mombasa kwa fedha alizokuwa ameziweka akiba. Kilikuwa sanduku jeusi la kuchukulika mkononi, la kampuni ya His Master's Voice, na ndani ya kifuniko palikuwa na ile picha mashuhuri ya mbwa asikilizaye sauti ya bwana wake. Hakikuhitaji umeme wala betri. Ubavuni palikuwa na mkono wa chuma. Mtu aliuzungusha, na kamani iliyokuwa ndani ikajikaza, kisha ikijilegeza iliizungusha santuri mara 78 kwa dakika. Sindano yake ilikuwa ya chuma, na kila upande mmoja wa santuri ulipokwisha ilipasa kutiwa nyingine mpya. Sababu yake ni kwamba santuri za zamani zile zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa mawe, na unga huo uliila ncha ya sindano upesi. Tena zilikuwa nzito, na zikianguka zilivunjika kama sahani ya udongo. Upande mmoja ulichukua yapata dakika tatu tu, ndiyo maana waimbaji wa zamani walijua kusema maneno yao kwa ufupi.

Nyumbani kwa babu kila mtu alikuwa na kazi yake. Jumapili baada ya ibada, wageni walipokusanyika, babu ndiye aliyechagua santuri na kuifuta vumbi. Nyanya ndiye aliyezungusha mkono. Hapana mtu mwingine aliyeruhusiwa kuushika, kwa sababu siku moja mgeni mmoja aliuzungusha kupita kiasi, kamani ikakatika, na kinanda kikakaa kimya miezi miwili. Nyanya alihesabu kimoyomoyo, na ilipofika hesabu yake akaacha, wala hakukosea hata mara moja. Santuri aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Siti binti Saad wa Unguja, yule aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 pamoja na wenziwe ili sauti zao zitiwe katika santuri. Siku moja nyanya alisahau akaiweka pasi ya makaa juu ya kifuniko cha kinanda, ikaacha alama ya kuungua yenye umbo la pasi nzima. Babu hakumgombeza. Alisema tu kwamba sasa hata mwizi akikiiba kitajulikana.

Babu alifariki mwaka 1999. Mwaka 2002 nilipopata nafasi katika shule ya sekondari ya misheni, nyanya aliniita chumbani mwake akanikabidhi kile kinanda. Akaniambia, "Mume wangu," maana ndivyo anavyoniita, "kaa nacho hiki. Si zawadi, ni amana. Santuri nabaki nazo mimi. Siku nitakapokitaka nitakuambia." Nikaitika, "Naam, nyanya," nami sikufahamu bado uzito wa neno lile.

Kinanda cha pili nilikipata mwaka 2005, nilipokuwa karibu kumaliza masomo. Kilikuwa kidogo, cha Philips, chenye kutumia betri, na mwalimu wetu mmoja aliyekuwa akistaafu aliniuzia kwa shilingi 1,200, nazo nilizilipa kidogo kidogo. Hicho kilicheza santuri ndogo za mara 45 kwa dakika, zile zenye tundu kubwa katikati, ambazo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1949. Kwa kinanda hicho ndipo nilipowajua Daudi Kabaka na Fadhili William. Betri zilipochoka wimbo ulianza kuburura, na Bwana Kabaka akaimba kama mtu aliyeshikwa na usingizi. Hapo tulizitoa betri tukazianika juani juu ya bati, tukapata nyimbo mbili tatu zaidi.

Cha tatu kilinifundisha elimu ambayo sikuipata darasani. Mwaka 2013, nilipokuwa nimekwisha ajiriwa kuwa karani wa Serikali, binamu yangu alirudi kutoka Marekani akaniletea kinanda cha umeme, kizuri, chenye mfuniko wa kioo cha plastiki. Nilikwisha kuonywa kwamba umeme wa Marekani ni wa volti 120, na wetu ni wa volti 240, kwa hiyo nikanunua transfoma ya kupunguza nguvu, nikajiona mwerevu. Nikaweka santuri ya Franco na O.K. Jazz, nikawaita majirani. Loo! Magitaa yalitoka kama yazama ndani ya asali, na sauti za waimbaji zikawa nzito kama za wazee. Majirani walikunywa chai yao wakaenda zao kwa adabu.

Ndipo fundi mmoja wa Gikomba aliponieleza. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadili mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, na wetu hupiga mara 50; na mota ya kinanda kile ilikuwa ya namna ifuatayo mapigo hayo. Kwa hiyo santuri iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ilizunguka chini ya mara 28. Dawa yake ikawa rahisi: fundi alichonga kigurudumu kipya cha shaba, kinene kupita kile cha zamani kwa sehemu moja ya tano, akakitia kwenye mota pale mkanda unapopita. Franco akarudi kuwa Franco. Nawaambia wasomaji wenye jamaa ng'ambo: kabla ya kushukuru zawadi ya namna hii, soma kwanza maandishi yaliyo nyuma yake.

Laiti ningalikomea hapo. Lakini mpenda santuri ni kama mnywaji. Kila chombo humfanya aone kiu ya kingine. Nilianza kusikia habari za Technics SL-1200, kinanda cha Wajapani kilichotoka kwanza mwaka 1972, ambacho hakina mkanda, bali mota yake yenyewe ndiyo izungushayo sahani, nacho hupendwa sana na wapigaji santuri wa disko. Mwaka 2018 nikaambiwa kwamba kiko kimoja kinauzwa Nairobi kwa shilingi 85,000. Nilikuwa na 73,000. Mke wangu alinishauri ningoje miezi mitatu. Nikamjibu kwamba kitachukuliwa.

Juu ya kabati palikuwa na lile sanduku jeusi. Kwa miaka mingi halikufunguliwa. Nikajisemea kwamba nyanya amezeeka, hatakikumbuka tena. Na kwamba kitu kilicholala tu ni sawa na kitu kisichokuwapo. Mtu akitaka kutenda neno baya hujiandalia hoja kama wakili. Nikalipeleka sanduku kwa duka moja la vitu vya kale mjini Nairobi, nikapewa shilingi 12,000 kamili. Jioni ile ile nikarudi nyumbani na Technics yangu, nikasikiliza hata usiku wa manane. Sauti yake ilikuwa safi, sikuona kasoro. Mke wangu alilitazama lile kabati, akanitazama mimi, wala hakusema neno.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikuacha mbacha wangu tu, niliuza mbacha wa mwingine.

Desemba 2021 nilikwenda Taita kwa likizo. Nyanya alikuwa amepungukiwa na nuru ya macho, akiwatambua watu kwa sauti zao. Siku ya pili akanishika mkono akasema, "Mume wangu, sasa nakitaka kinanda changu. Nataka kumsikia Siti kabla masikio hayajayafuata macho." Nikahisi kama niliyemwagiwa maji baridi. Nikamwambia kwamba kamani imekatika, na kinanda kiko kwa fundi. Akasema, "Kamani imekatika? Nani alizungusha?" Nikanyamaza.

Niliporudi Nairobi nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye lile duka. Kinanda hakikuwapo. Mwenye duka alikumbuka tu kwamba kilinunuliwa na mtu aliyekitaka kwa pambo la hoteli ya wageni huko pwani, naye hakuacha jina. Nikataka basi kuitumia Technics yangu, nikaona kwamba ile niliyokuwa nayo ina mwendo wa aina mbili tu, wa 33 na wa 45. Mwendo wa 78 haina. Hata kama ingekuwa nao, sindano yake ni nyembamba mno, kwa kuwa mfuo wa santuri za zamani ni mpana yapata mara tatu kuliko wa hizi za baadaye. Hivyo kinanda cha shilingi 85,000 hakikuweza kufanya kazi aliyoifanya nyanya kwa mkono wake.

Baada ya kutafuta sana nilipata cha tano katika Soko la Kenyatta, Nairobi, kwa shilingi 9,000. Ni kizee cha Kiingereza chenye mashine ya Garrard, na mwendo wake ni wa aina nne: 16, 33, 45 na 78. Sindano yake ina pande mbili. Upande mmoja ni wa santuri za sasa, na ukiugeuza wapata ule wa santuri za kale. Pasaka ya mwaka 2022 nikakichukua hadi nyumbani, ambako umeme ulikuwa umefika tangu mwaka 2016. Nyanya akafungua sanduku lake la nguo, akatoa santuri alizozifunga kwa leso. Zilikuwa kumi na moja. Nzima zilikuwa nne tu, na ile ya Siti ilikuwa mojawapo.

Tukamketisha karibu. Kabla sijawasha, akanyosha mkono wake wa kuume, akapapasa ubavu wa kinanda toka mbele hadi nyuma, akauliza, "Mkono wake uko wapi?" Nikamwambia hiki hakina mkono. Nikawasha. Siti akaimba katikati ya mikwaruzo yake, na nyanya akainamisha kichwa. Vidole vyake vilizunguka taratibu juu ya paja, nikajua kwamba anahesabu. Upande ulipokwisha akasema, "Wimbo ndio wenyewe. Lakini nani azungushaye?"

Nikamjibu, "Ni umeme, nyanya."

"Basi," akasema, "mimi sina kazi hapa."

Hapo sikuweza kuendelea. Nikamweleza yote, tangu lile kabati hata yule mwenye duka. Hakulia, wala hakunilaani. Aliniuliza tu, "Ulikiuza kwa shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Babu yako alifunga mkaja miaka miwili kukipata. Hakuvuta sigara, hakununua koti." Kisha akasema, "Haya, geuza upande wa pili."

Tangu siku ile hajanitajia tena jambo hilo, na kila nendapo nyumbani huniomba nimpigie santuri ile, naye huniita mume wake kama zamani. Lakini vidole vyake huzunguka pajani, nami siwezi kuvitazama. Technics nimeiuza. Fedha zake nimeziweka benki, wala sizigusi, kwa kuwa zina kazi zinayoingojea.

Kwa vijana wenzangu wapendao muziki nina neno moja. Nunueni vinanda, mfurahi navyo, na santuri zenu zisimamisheni wima kama vitabu, msizilaze moja juu ya nyingine zikapindika. Lakini kabla ya kuuza cha zamani ili mpate kipya, ulizeni kwanza ni mali ya nani, na ni mkono wa nani uliokuwa ukikizungusha.

Na kwa wasomaji walioko pwani, hasa wale wafanyao kazi katika hoteli za wageni, nina ombi. Ukiona ukumbini sanduku jeusi la His Master's Voice, labda limewekewa chungu cha maua, tazama juu ya kifuniko chake. Ikiwa kuna alama ya pasi iliyoungua, tafadhali mpelekee habari Mhariri wa gazeti hili. Nitakuja mwenyewe, na bei sitaibishania.