Moja ya Kumi

Fungua Python uandike 0.1 + 0.2. Itakujibu 0.30000000000000004. Jaribu JavaScript, jaribu Java, jaribu Ruby, jibu ni lile lile. PHP ukiiambia ichapishe itakupa 0.3, lakini usidanganyike, imefupisha tu ndiyo usishtuke.

Sikumaliza chuo, kwa hivyo haya sikuyapata darasani. Niliyapata kwa chama cha mama. Wanachama kumi, kila mmoja na 0.1 ya hisa. Programu waliyoandikiwa na kijana wa jirani ilikuwa inajumlisha hisa moja moja na kuangalia kama zinafika 1 kabla ya pesa kugawanywa. Ikakataa. Kompyuta iliona 0.9999999999999999. Akina mama waliona mweka hazina amekula. Mwezi mzima huyo mama alikuwa akisalimiwa nusu nusu.

Shida iko hivi. Sisi tunahesabu kwa makumi, kompyuta inahesabu kwa mbili mbili. Andika theluthi kwa desimali: 0.3333, utaandika mpaka uchoke. Sasa kwa kompyuta, moja ya kumi ndiyo theluthi yake, haina mwisho. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka wa 1985, ambacho lugha nyingi hufuata, huipa namba ya kawaida ya desimali biti 64. Zikijaa, mkia unakatwa na kinachobaki kinakadiriwa. Python haina makosa hapo.

Na si mambo ya chama tu. Dhahran, Saudi Arabia, 25 Februari 1991: mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani ulikuwa ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na hiyo moja ya kumi ilikuwa imebanwa kwenye biti 24. Baada ya saa 100 hivi bila kuzimwa, hesabu ilikuwa imepotoka kwa karibu sekunde 0.34. Kombora la Scud kwa muda huo linapita zaidi ya nusu kilomita. Patriot ikatafuta mahali pasipo na kitu. Wanajeshi 28 walikufa. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake.

Kwa pesa, dawa ni kuhesabu senti kwa namba kamili. Kwa hisa tulibadilisha 0.1 ikawa 10, tukauliza kama jumla ni 100. Programu ilikubali papo hapo. Akina mama walichukua muda zaidi. Kuna mmoja hadi leo huuliza, hiyo kidogo iliyopungua ilienda kwa nani.