Mpakato wa Mjomba

Wapo watu wapendao ng'ombe, na wapo wapendao baiskeli hata wakazifunga maua ya plastiki kwenye usukani. Mjomba wangu apenda kompyuta kuukuu. Kwa kuwa wengi hapa shuleni hucheka kitu chochote kisicho kipya, nimeonelea niwaelezeni habari zake, ili mwenye kucheka acheke akijua anachokicheka.

Kwetu ni Nambambo, wilayani Nachingwea. Mjomba ni karani wa chama cha msingi, na msimu wa korosho ufikapo, yeye ndiye aandikaye majina ya wakulima na kilo zao. Kompyuta yake ni ThinkPad T61, ya mwaka 2007, na kwa hiyo yanizidi umri. Aliinunua Kariakoo mwaka 2013, ikiwa ya mtumba. (Wala sisi wa Nachingwea hatukuanza jana kuletewa mashine zilizokwisha tumiwa na wengine, matrekta mengi ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, yalikuwa mabaki ya vita.) Ni nyeusi, nene, nzito kama tofali, na katikati ya vitufe vyake pana kidude chekundu cha kuongozea kishale. Herufi A imefutika kabisa kwa kuguswa. Juu ya kioo kuna kitaa kidogo kimulikacho vitufe, na umeme ukikatika usiku, Mjomba hukiwasha akaendelea na hesabu zake kana kwamba hapana lililotokea.

Wataalamu wa lugha wameiita kompyuta ya namna hii mpakato, kwa sababu hupakatwa. Nami naona jina hilo limesema zaidi ya walivyokusudia, maana kinachopakatwa sana kwetu ni mtoto. Mjomba huifunga mpakato wake kwa kipande cha kanga ya marehemu bibi, vumbi lisiingie.

Lakini vumbi huingia. Nilipokuwa kidato cha pili, wakati wa likizo, ilianza kuzimika yenyewe kila baada ya robo saa. Mjomba akanipa bisibisi, akasema, "Fungua, mpwa wangu. Haiumi." Tukatoa skrubu za chini, tukanyanyua kibodi, tukaifikia feni. Vumbi la Nachingwea, lile jekundu mnalolijua, lilikuwa limejikunja pale kama blanketi. Tukalitoa kwa brashi ya kupakia rangi. Tukafuta ute uliokauka juu ya prosesa, tukapaka mwingine. Tulipoiwasha ilinyamaza kimya hata nikadhani tumeiua. Kumbe ndiyo kupona. Tangu hapo tumeibadilisha diski, na kumbukumbu yake tumeitoa gigabaiti 1 tukaifikisha 4. Windows XP, ambayo wenyewe waliacha kuihudumia Aprili 2014, tumeiondoa, tukaweka Linux, isiyotozwa senti. Aliyeuguza mtoto usiku kucha hamwoni tena kama watoto wa watu. Ndivyo tulivyo mimi na Mjomba kwa T61.

Wala si sisi peke yetu. Kampuni ya IBM ilianza kuuza ThinkPad mwaka 1992, na Desemba 1993 moja ilipaa na chombo Endeavour, wakati wanaanga walipokwenda kuitengeneza darubini ya Hubble. Mwaka 2005 kazi hiyo ikachukuliwa na Lenovo ya China. Wapenzi wa kibodi ya zamani walilalamika miaka mingi ilipoondolewa, hata mwaka 2017, jina la ThinkPad lilipotimiza miaka 25, Lenovo wakatoa moja maalumu yenye kibodi ile ile. Na huko China wako mafundi waliounda ubao mkuu mpya wa kutiwa ndani ya maganda ya X61 na X201: ganda la babu, ubongo wa mjukuu. Nilipomsimulia Mjomba hayo alicheka hata machozi, akasema, "Kumbe wagonjwa tuko wengi!"

Sasa nije kwenye shauri lenyewe. Mwaka huu kijana wake afanyaye kazi Dar es Salaam amemletea mpakato mpya, mwembamba kama daftari. Ni mzuri, sikatai. Una kasi, na betri yake yamaliza siku. Ila kumbukumbu yake imechomelewa kwenye ubao na betri imegandishwa kwa gundi, na watoto wa jirani hawaruhusiwi kuugusa. T61 huigusa wote. Likizo iliyopita watano walijifunza kuchapa juu yake, wakisukumana kwenye mkeka.

Basi fundi mmoja wa mjini ametoa shilingi 90,000 aichukue T61 na kuikatakata iwe vipuri. Mama akasema, "Kaka, mpe. Mtoto huyu akipangiwa kidato cha tano atataka godoro, sanduku, ndoo na nauli. Au atalala juu ya hiyo kompyuta?"

Mjomba akajibu, "Mdogo wangu, fedha hizo nitazitoa kwenye ufuta."

"Ufuta wa shambani si ufuta wa ghalani, kaka."

Hapo Mama alisema kweli, na shilingi 90,000 nyumbani kwetu si fedha ya kuchezea. Lakini mimi mwenye kutafutiwa godoro sikuulizwa, kwa hiyo nasema hapa: nitalichukua lile nililalialo sasa, ijapokuwa katikati limekuwa bonde. Godoro hununuliwa mwaka wowote. Mashine ambayo kijana wa kijijini aweza kuifungua, akaiona ilivyo ndani, akaifunga nayo ikawaka, hizo zinapungua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida, na Windows 11 hukataa kompyuta nyingi za zamani ambazo hazina ubovu wowote. Mjomba asema nyingi zitatupwa Ulaya na kuja kuonekana Kariakoo, naye ameanza kuweka akiba.

Hata ninapoandika haya fundi hajajibiwa. Mjomba amempa dereva wa basi fedha amnunulie bawaba ya kushoto huko Dar es Salaam, kwa kuwa iliyopo imelegea na kioo huinama. Mama amepata habari hiyo, na mpaka sasa hajasema neno.