Mbona panya analia?

Desemba 2022, mtoto wa miaka tisa alirudia swali ambalo mama yake alikuwa amelikwepa Krismasi iliyotangulia: "Mama, mbona yule panya analia?"

Walikuwa sebuleni kwao Reading, Uingereza, wakitazama The Muppet Christmas Carol, filamu ya vikaragosi iliyotoka mwaka 1992. Panya huyo anaitwa Rizzo. Ndani ya filamu, mzee bahili Scrooge, anayeigizwa na Michael Caine, anarudishwa na mzimu hadi siku za ujana wake. Anajiona akiwa na Belle, mchumba wake, kwenye theluji. Harusi imeahirishwa tena kwa sababu pesa hazijatosha, kama ilivyoahirishwa mwaka uliopita, na Belle hana nguvu ya kungoja zaidi. Halafu ghafla picha inaruka. Belle hayupo, Rizzo analia kwa kwikwi, mwenzake Gonzo anambembeleza, na mtazamaji hajaona jambo la kumliza mtu kiasi hicho.

Mama alilijua jibu. Alipokuwa mdogo Moshi, mjomba wake alirudi kutoka ng'ambo na kanda ya video ya filamu hiyo, na watoto wa nyumba ile waliitazama mpaka deki ikaanza kuitafuna. Katika kanda ile Belle aliimba wimbo mzima wa kuagana. Mwishoni Scrooge mzee alisimama nyuma yake, akaimba naye huku sauti ikimkatika. Miaka mingi baadaye, alipomwonyesha binti yake filamu hiyo kwenye Disney+, wimbo haukuwepo. Akadhani amechanganya na filamu nyingine.

Hakuwa amechanganya. Mkuu wa studio za Disney wakati huo, Jeffrey Katzenberg, aliona wimbo huo, When Love Is Gone, ni wa watu wazima, na watoto ukumbini wangechoka. Mwongozaji, Brian Henson, alikubali ukatwe katika nakala ya sinema. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ndefu, na baba yake, Jim Henson, aliyewabuni vikaragosi hao, alikuwa amefariki mwaka 1990. Kanda za video za nyumbani zilibaki na wimbo. Lakini ulipofika wakati wa kutengeneza nakala mpya zenye picha safi, filamu halisi ya kipande kile haikuonekana. Mwaka 2020 Henson akatangaza kwamba imepatikana, na Desemba 2022 filamu nzima, pamoja na wimbo wake, ikawekwa Disney+.

Habari njema kwa wapenzi wa filamu. Kwa mama huyu haikuwa rahisi hivyo. Baba wa mtoto alikuwa ameondoka nyumbani mwaka 2021, na ukweli ni kwamba alifurahi kuukosa wimbo ule. Mwanamke anayemwambia mwanamume kwamba mapenzi yamekwisha, kwa utulivu, bila ugomvi, bila mtu mbaya wa kulaumiwa? Afadhali kipande hicho kibaki kimepotea. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakata vipande vyake. Picha ya harusi iliondoka ukutani siku mtoto akiwa shule. Baba alisemekana "amepata kazi mji mwingine", jambo ambalo lilikuwa kweli, ila si ukweli wote. Katzenberg hakufanya kitu ambacho wazazi hawakifanyi.

Si kila kilichokatwa kinastahili kurudishwa, na hapo wapenzi wa filamu za zamani huzidisha shauku. Mwaka 2002, E.T. ilipotimiza miaka 20, Steven Spielberg alirudisha tukio la kile kiumbe kikiwa bafuni, lakini pia akafuta bunduki mikononi mwa askari na kuwapa redio za upepo. Baadaye alikiri hakupaswa kuigusa filamu ile, na bunduki zikarudi. Tena kuna The Lion King, ambayo kwa nyumba za Waswahili haihitaji mkalimani, kwa kuwa Simba, Rafiki na Pumbaa walibebwa na majina yetu. Katika DVD ya mwaka 2003, taarifa fupi ya asubuhi ya ndege Zazu iligeuzwa kuwa wimbo mzima, uliotoka kwenye mchezo wa jukwaani na kuchorwa upya. Hicho hata hakikuwa kipande kilichopotea. Kilikuwa kiraka, na toleo lililofuata lilikitoa ndani ya filamu. Mtoto anayeimba Hakuna Matata kutwa nzima, muulize kama anakumbuka hata neno moja la Zazu.

Tofauti yake inaonekana kwa Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927. Ilikatwa vibaya muda mfupi baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza, na mwaka 2008 nakala ndefu ikapatikana kwenye jumba la makumbusho la sinema Buenos Aires. Dakika takriban 25 zilirudishwa, zikiwa na mikwaruzo isiyofutika, hivyo mtazamaji anakiona kila kipande kilichorudi. Ni kama nguo iliyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Watu waliokuwa wakipita tu nyuma ya hadithi wakapata sababu ya kuwepo.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama filamu inachechemea bila kipande hicho. Ile ya vikaragosi inachechemea, na si kwa sababu ya machozi ya Rizzo tu. Karibu na mwisho, Scrooge akiwa ameshabadilika, wahusika wanaimba kwa mahadhi yaleyale ya Belle, ila sasa maneno yanasema mapenzi yamepatikana. Asiyesikia wimbo wa kwanza anausikia wa pili kama nyimbo nyingine za Krismasi. Hajui ni jibu, wala Scrooge alilipa nini kabla ya kufika hapo.

Hata hivyo nakala ya sinema haikupaswa kufutwa, na haikufutwa. Kuna watu wazima leo waliolelewa na nakala isiyo na wimbo, nao wanaipenda hivyo hivyo. Huwezi kuingia utotoni mwa mtu ukapanga upya viti. Disney+ wameacha zote mbili. Kasoro ni kwamba ile kamili imewekwa kando, kwenye sehemu ya nyongeza, ambako mzazi asiyeambiwa hataiona.

Mama aliambiwa, na dada yake kwa ujumbe wa simu. Alikaa na habari hiyo siku nne. Mtoto alipouliza tena kuhusu panya, alichukua rimoti, akaitafuta nakala kamili, akaianzisha upya bila kueleza kitu.

Belle alipoanza kuimba, binti aliinuka katikati ya ubeti wa kwanza akaenda jikoni kuchukua biskuti. Katzenberg angecheka. Mama alibaki peke yake na wimbo, akitazama zaidi mahali ambapo picha ya harusi ilikuwa imetundikwa kuliko skrini. Mtoto alirudi Scrooge akiimba, sauti inavunjika. Akasimama na biskuti mkononi. Rizzo akalia. Hakuuliza kitu.

Kwenye wimbo wa mwisho akageuka. "Huu si ule wa yule dada?"

"Ndio huo."

Usiku, akipiga mswaki, akasema povu likiwa mdomoni, "Kumbe hakumchukia. Alichoka kungoja."

"Alichoka, ndiyo."

Akasukutua, akatema, akafunga bomba. "Na baba?"

Mama akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akamvutia karibu. Picha ya harusi ilikuwa bado kabatini, chini ya mashuka.

"Njoo chumbani," akasema. "Kuna picha nataka tuitazame."