Kifanya: Sifa ya mashavu isifiche urefu wa mtoto

Gari linalotoka Njombe mjini kuelekea Songea hupita Kifanya, kata ya vilima vya kijani, mashamba ya mahindi na viazi, na miti ya parachichi. Juni na Julai baridi ya huku haina mchezo. Watoto huvalishwa masweta na kofia, na mgongoni kwa mama hubaki kuonekana uso tu.

Uso huo ndio unaosifiwa. Baada ya "Kamwene", salamu ya Wabena, macho huenda kwa mtoto: "Hongera mama! Kibonge huyu, tazama mashavu!" Mama hutabasamu. Kwake hiyo ni sifa ya malezi: amenyonyesha, amelisha, amekesha.

Lakini mashavu hayasemi yote. Mtoto anaweza kuwa na mashavu yaliyojaa na bado akawa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Huo ndio udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Njombe asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Na huu ni mkoa wenye chakula tele.

Kushiba ni jambo moja, lishe ni jingine. Mtoto wa uji wa mahindi asubuhi na ugali jioni hujaza tumbo, ila mwili hukosa vya kujengea mifupa na ubongo. Maharage, mayai, mboga za majani na parachichi vinapatikana. Visiishie sokoni vyote.

Wapo wanaosema, "Karithi ufupi wa babu yake." Jambo hili halikisiwi kwa macho. Kliniki, mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa kwenye ubao wa kupimia, kisha urefu wake hulinganishwa na umri. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi miaka miwili, ndizo zenye nafasi kubwa ya kuzuia udumavu.

Hakuna sababu ya akina mama wa Kifanya kuacha kusifiana. Sifa humtia mzazi moyo. Ila baada ya kusifu mashavu, shangazi au jirani anaweza kuongeza swali moja: "Na urefu, amepimwa lini?"