Moyo Mgumu Hutoka Wapi?



Nyumbani kwetu tulikuwa wavulana wawili. Tulilala kitanda kimoja, tukachapwa kwa fimbo moja, nayo haikuwa fimbo ya maonyo. Baba yetu, Mungu amrehemu, alipokasirika hakujua kuacha. Leo mdogo wangu hawezi kumpita mtoto anayelia bila kusimama. Mimi, padre wenu, nimezika watu wengi kwa macho makavu. Mwaka jana mama mmoja aliyefiwa na mwanawe aliniambia kwa upole, "Baba, ulituzikia vizuri, lakini hukuwa pamoja nasi."

Nilijitetea moyoni kwamba ndivyo nilivyoumbwa. Usiku wake nikamlaumu marehemu baba. Tangu hapo nimekuwa nikisoma wasemayo wataalamu, na utetezi wangu wote umepungua nguvu.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 46,000 waliojibu maswali kuhusu huruma, yaani uwezo wa kutambua na kuhisi yanayompata mwenzako. Vinasaba walivyovipima vilieleza takriban sehemu moja tu ya kumi ya tofauti kati ya mtu na mtu. Basi kusema "nilizaliwa hivi" ni kweli, ila ni kweli ndogo.

Je, fimbo ndiyo ilieleza yaliyobaki? Huko Dunedin, New Zealand, watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 walifuatiliwa hadi utu uzima. Caspi, Moffitt na wenzao waliandika mwaka 2002 kwamba wavulana walioteswa utotoni, wakiwa pia na aina fulani ya kinasaba kinachosaidia kuvunja kemikali za ubongo, walielekea zaidi kuwa wakatili ukubwani. Waliokuwa na kinasaba hichohicho lakini wakalelewa bila mateso hawakuwa hivyo. Ni kweli, hapo walipima ukatili, si huruma yenyewe, na chunguzi za baadaye hazikukubaliana zote. Hata hivyo nilipoisoma habari hiyo niliwaona watoto wawili kitandani: fimbo ni moja, miili iliyoipokea ni miwili.

Lililonishangaza zaidi ni uchunguzi mwingine wa mwaka 2018, uliogundua kwamba watu wazima waliosema walipatwa na jambo la kutisha utotoni walikuwa, kwa wastani, na huruma nyingi kuliko wengine. Hapana budi niseme wazi, maana wapo wazazi watakaolidaka neno hili: hiyo si sifa ya fimbo. Mdogo wangu mpaka leo hushtuka mlango ukifungwa kwa kishindo.

Nilimpigia simu nikamuuliza yeye alifanyaje. Alicheka. Akasema, "Kaka, wewe ulipochapwa ulikuwa unanyamaza ili mimi nisiogope. Ukazoea kunyamaza."

Sikuwa na la kujibu.

Juma lililopita nilikwenda kwa yule mama, bila stola na bila kitabu cha sala. Aliniletea chai, akanionyesha madaftari ya mtoto, moja baada ya jingine, yenye michoro ya magari pembeni mwa hesabu. Nilikaa mpaka taa zikawashwa.