Damu Hudokeza, Nyama Huthibitisha

Baba yetu, mvutaji sigara wa miaka mingi, alipoonekana na uvimbe pafuni hapa Uingereza, sisi wanawe ndio tuliokuwa wakalimani wake. Tuliposikia kipimo cha damu kiitwacho CEA kimepanda, tulilia, tukamficha. Daktari akatutuliza: CEA hupanda hata kwa mvutaji asiye na saratani. ProGRP na NSE zikipanda sana, hushukiwa saratani ya seli ndogo. CYFRA 21-1 huelekeza zaidi kwenye aina nyingine. Lakini uthibitisho hutoka katika kipande cha nyama ya uvimbe kikitazamwa kwa darubini, na kila aina ina tiba yake. Ndipo tukamfasiria baba yote. Akajibu: “Nikateni, tujue.” Tusiwafiche wazee wetu, mwili ni amana yao.